Bibi wa Birika na Mstari wa Nyuma

Ilianza siku ya Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana. Saa nina uhakika nayo, kwa sababu mama mdogo ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusikiliza ujumbe wa sauti wa Mama Kelvin, akatazama simu, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia, "Saa saba na dakika kumi, na mtu ameshanitukana mara tatu."

Nasema mchana. Kila ninayemsimulia ananijibu, "Aa, usiku huo ulikuwa umesinzia." Usiku upi? Jua lilikuwa utosini, limeniganda kichwani, na kivuli changu kilikuwa kimejikunja chini ya ndala zangu. Kama ningekuwa mtunzi ningewatungia usiku, niweke na mbwa wa kubweka na upepo. Sijatunga. Na wengine hawasubiri hata nimalize, wanarukia palepale: "Miguu je? Ilikuwa kwato?" Jamani. Haikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya bibi, imepasuka visigino, imevaa kandambili za bluu, moja imeshonwa kwa waya. Tumemaliza habari za kwato?

Mie ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua nasema sijui, ili mradi nikae chini wasiendelee kunitazama. Ndiyo maana naandika, sisimulii. Hapa karatasini hakuna wa kunikata kauli.

Haya. Mama mdogo, jina lake Zuhura, ni mdogo wake mama yangu wa tumbo moja. Kazi yake ni kufunga kamera na ving'ora kwenye majumba ya watu. Zamani aliajiriwa na bwana mmoja ambaye sisi nyumbani tunamwita Bosi tu, mpaka siku Bosi aliposema mbele ya mteja kwamba mwanamke kwenye fani hii anafaa kushika ngazi. Mama mdogo akashuka kwenye ngazi, akaondoka, hakurudi. Nyumba ya Mama Kelvin kule Kunduchi ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kujitegemea. Ikiharibika, jina limeharibika, na angerudi kwa Bosi kichwa chini. Hilo alikuwa akilisema kila asubuhi akifunga viatu. Mie nilikuwa nimefunga shule, kwa hiyo safari hii ngazi nilishika mie.

Nyumba yenyewe mbele ina ukuta mrefu, una geti la chuma. Nyuma hakuna ukuta bado, kuna senyenge tu na vichaka, na kijia cha zamani kilichopita hapo kabla hata ya senyenge. Mama Kelvin alisema ukuta wa nyuma atajenga Mungu akijalia, kwa sasa afungiwe bimu. Bimu ni hivi: unasimika nguzo mbili, moja kila kona. Kwenye hii unafunga kifaa kinachotupa mwanga, kwenye ile unafunga kifaa kinachoupokea. Mwanga wenyewe hauonekani. Ni mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na mtu akipita katikati anaikata yote, king'ora kinalia. Kunguru akipita anakata mmoja tu, kinanyamaza. Siku ya kwanza niliuliza kama nikikodoa sana nitauona. Mama mdogo akasema, "Hata ukodoe mpaka macho yaanguke. Jicho la binadamu halijaumbiwa huo."

Yakumbuke maneno hayo.

Ugumu uko kwenye kuvilenga vile vifaa vitazamane. Unachungulia kwenye kitundu, unazungusha skrubu, na mwenzako kule upande wa pili anashika mita na kusoma namba. Namba ikipanda, mwanga unafika vizuri. Ikishuka, umepinda. Ungetusikia siku ile ya Jumanne ungedhani tunaachana.

"Kushoto kidogo!"

"Hapa?"

"Nimesema kidogo! Huko umeshafika Bagamoyo!"

"Kidogo cha wapi sasa, mamdogo?"

"Kidogo cha skrubu, siyo kidogo cha pilau!"

Mwisho namba ikakubali, ikakaa mbili na nukta sita, tukapongezana, tukaenda nyumbani. Usiku king'ora kikalia. Mlinzi, Kaka Chilumba, mtu wa Newala, akatoka na rungu, akazunguka na tochi, hakuna mtu. Kikazimwa. Kikalia tena. Asubuhi tukakuta nguzo ya kupokea imeinama, kidole kimoja hivi, na namba imeanguka. Tukainyoosha, tukalenga upya. Jumatano usiku ikawa vilevile, na Alhamisi asubuhi nguzo imeinama upande uleule.

"Mie nimelinda ghala, nimelinda baa, nimelinda mpaka msiba," Kaka Chilumba akatuambia, macho mekundu. "Lakini kulinda mwanga nisiouona, unaonipigia kelele usiku kucha? Dada Zuhura, nionee huruma, nina mtoto mchanga nyumbani, na bado naona huku ndiko kelele zaidi."

"Ni zege tu halijashika vizuri, kaka."

"Zege au mtu?"

"Mtu yupi? Umemwona?"

"Ndiyo nauliza."

Mama mdogo akamwambia aende akalale. Na ndipo ukaja ule ujumbe wa saa saba. Sauti ya Mama Kelvin ni ya upole, ndiyo inayoudhi zaidi. "Zuhura mwanangu, mie nimechoka. Majirani wamechoka. Hata mbwa wa jirani kachoka, habweki tena. Kesho saa nne asubuhi nakuja na yule bwana uliyekuwa unamfanyia kazi. Nikikuta inafanya kazi, sawa. Ikilia tu pasipo mtu, namkabidhi yeye. Usinichukie, mwanangu."

Na yule bwana! Katika mafundi wote wa Dar es Salaam!

 Mama mdogo akazima king'ora kwa ajili ya majaribio, akachukua mkasi wa nyaya, akaufunga, akaufungua. Kisha akasema anakwenda duka la vifaa kule Mtongani kutafuta mabano mazito zaidi ya kubana nguzo. Akanipa mita na kiti cha plastiki. "Kaa hapa kwenye nguzo ya kupokea. Tazama namba, usitazame kitu kingine. Ikishuka nipigie. Na usinitolee visingizio vya kunguru."

Nikakaa. Jua. Namba mbili na nukta sita. Jasho. Mbili na nukta sita. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitukataza kusimama uwanjani saa ya jua la utosi, alisema ni saa ya watu wengine kupita. Nililikumbuka hilo, na nilikasirika. Mama mdogo alilelewa na bibi huyohuyo, si alijua? Lakini yeye anakumbuka mambo ya bibi pale yanapomfaa tu.

Namba ikaanguka. Siyo kushuka, kuanguka, sifuri.

Nikainua kichwa. Katikati ya mstari alikuwa amesimama bibi mmoja, kanga mbili zilizochujuka, moja kiunoni, moja kichwani, na mkononi birika la bati lenye masizi tako lote. Amesimama tu, anatazama mbele ya tumbo lake kwa hasira, kama mtu aliyekuta kamba ya nguo imefungwa mlangoni kwake.

Kwa sababu ya haya zangu, jambo la kwanza lililonitoka lilikuwa salamu. Nikanyanyuka, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia.

Wewe umewahi kumwamkia mzee akanyamaza? Mie sijawahi. Hata mzee mkorofi kuliko wote mtaani kwetu, anayewafukuza watoto kwa fimbo, ukisema shikamoo anasimamisha fimbo kwanza, anasema marahaba, ndiyo anakuchapa. Huyu alinitazama kama vile salamu yangu imekuja kwa lugha ya kigeni.

"Nani kafunga nyuzi njiani?" akauliza.

"Nyuzi zipi bibi?"

"Hizi. Mbili, nyekundu kama kaa la moto. Au wewe huna macho?"

Nisikudanganye, hapo sikushtuka. Ungeshtuka wewe? Mie nilifikiri ni mambo ya uzee. Nikatazama huku na huku, nikasema, "Samahani bibi, ni za fundi." Nilikuwa nafikiria jambo moja tu, kwamba huyu bibi ananikatia mstari, namba ni sifuri, na simu ya mama mdogo itaingia sasa hivi.

"Nishikie birika."

Nikasogea, nikanyoosha mkono, nikalishika. Zito! Limejaa maji pomoni, na baridi, na mkono wake uliponigusa nao ulikuwa baridi namna ileile, baridi ya mtungi. Ananukia ubani. Akakusanya kanga yake, akainua mguu mmoja juu sana, akavuka, akaulalamikia na wa pili. "Eee, nyonga yangu. Watu wazima tunarukishwa kamba."

Hapo simu yangu ya kitochi ikalia mfukoni. Nikapokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia una birika.

"Nani kakaa kwenye mstari?" mama mdogo anafoka, kelele za pikipiki nyuma yake. "Simu yangu inaniambia mstari wa nyuma umekatwa! Toa hilo guu lako!"

"Siyo mie, mamdogo, ni bibi hapa..."

"Bibi gani tena? Mwondoe!"

Simu ikakatika. Nikageuka kwa bibi, nikajikaza. "Bibi, samahani, unakwenda wapi? Huku ni nyumba ya watu."

"Nyumba ya watu!" Akacheka bila furaha. "Na mie nani, mbuzi?"

"Hapana bibi, nilikuwa..."

"Nakwenda kulala. Tangu Jumatatu sina pa kuegemeza kichwa. Mti wenu umenikalia. Nausukuma, mnaunyoosha. Nausukuma, mnaunyoosha. Nyie watoto hamchoki?"

Nikasema tumechoka sana, bibi. Ndicho nilichosema! Ilikuwa kweli.

"Hata mie," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Toto halina hata aibu, linanijibu. Lete birika."

"Maji haya ni ya nini, bibi?"

"Yangu. Nimsubiri nani aniletee? Waliokuwa wakiniletea wameshauza, wamehama." Akalichukua. "Mwambie huyo mkubwa wako anirudishie jiwe langu. Na nyuzi zake azipitishe kwingine, mie siyo mwizi."

Akapita pembeni yangu kuelekea ilipo nguzo. Mita, niliyokuwa nimeiacha kitini, ikalia kidogo, nikaiinamia, ni mazoea ya siku tatu, siwezi kuisikia nisiitazame. Mbili na nukta sita. Nilipoinua kichwa palikuwa na nguzo, kiti cha plastiki, na mchanga. Mchanga umelowa, duara moja dogo, chini ya nguzo. Nikiutazama ukakauka.

Nilipiga kelele? Sikupiga. Mie hata kupiga kelele naona haya. Nilikaa kwenye kiti, nikaendelea kusoma namba, nikiwa na hasira isiyo na mfano. Nimesema nini kibaya mpaka mtu mzima akatae salamu yangu?

Mama mdogo alirudi na mabano yake, akanikuta hivyo. Nikamweleza. Akanitazama, akagusa paji langu, akasema jua limenipiga. Nikasema kamera ya kona ya nyuma si inarekodi, tutazame. Tukatazama kwenye simu yake, tumeinamiana chini ya kivuli cha tangi la maji.

Nimo peke yangu. Nanyanyuka kitini, napiga goti mbele ya hewa. Naongea. Nanyoosha mkono wa kulia, vidole vimefumbata, na hapo, niamini, ndipo mama mdogo aliposhika mdomo. Mkono wangu unashuka. Bega linainama, mshipa wa shingo unasimama, kama mtu aliyepokea ndoo. Nimeshika kitu chepesi kama hewa, na mwili wangu mzima unapinda kwa uzito wake. Nabaki hivyo hata baada ya simu kukatika, mpaka pale aliposema lete birika, ndipo mkono unapanda wenyewe.

"Astaghfirullah," mama mdogo akasema.

"Anasema tumrudishie jiwe lake."

Hakuniuliza jiwe gani. Wote wawili tulijua. Jumatatu, tulipokuwa tunachimba shimo la nguzo ile, palikuwa na jiwe la tumbawe limesimama wima kwenye nyasi, urefu wa mkono. Mama mdogo alimpigia Mama Kelvin kuuliza, naye akajibu kwa ile sauti yake ya upole, "Hayo ni mawe ya mpaka wa zamani, mwanangu, kabla kiwanja hakijapimwa. Ng'oeni tu." Na nani asiyejua mambo ya mipaka Dar es Salaam? Kila kiwanja kina mawe ya kienyeji, mwenyewe kasimika, jirani kang'oa, mwenyewe karudisha, mpaka wapimaji waje na bikoni zao. Mama mdogo akalikubali, akaling'oa, na kwa kuwa lilikuwa limenyooka vizuri, akalishindilia mguuni pa nguzo ili isicheze, akamwagia zege juu.

Sasa tukaenda kwenye nyasi. Hatukutafuta sana. Hatua chache kuelekea ndani, chini ya magugu, palikuwa na jiwe la pili, limesimama vilevile, na tangu Jumatatu tulikuwa tumelifungia uzi wa fundi wa kunyooshea. Mawe mawili, moja la kichwani, moja la miguuni. Mie na mama mdogo ni watu wa pwani, tumezika, tunajua. Tulilijua wakati huo, siyo Jumatatu.

"Basi tuling'oe, mamdogo."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo."

Akakaa chini mchangani. "Nguzo imo kwenye zege. Nikibomoa leo, kesho saa nne wanakuta shimo. Bosi anakuja kucheka, na Mama Kelvin nimwambie nini? Kwamba kiwanja chake kina kaburi, ndiyo maana king'ora kinalia? Ataniita mchawi kabla hajaniita fundi."

"Lakini tusipobomoa kitalia."

"Nimeweka mabano mazito."

"Mamdogo, yeye ndiye anaisukuma."

"Nyamaza!" akasema, akafuta uso kwa kanga. Kisha taratibu, "Nyamaza, mwanangu. Ngoja nifikirie." Hakufikiria. Alifunga mabano yake, akafukiza udi nguzo zote mbili, akawasha king'ora, tukaondoka. Nilimkasirikia njia nzima, sikumwambia. Na usiku, Kaka Chilumba alituma ujumbe wenye neno moja tu: Tena.

Kabla ya kuieleza asubuhi yake, ngoja niseme yaliyobaki, maana nikishaieleza hiyo asubuhi sitaki kuandika kingine.

Mkono wangu wa kulia unanuka ubani. Siyo kila siku. Kila Alhamisi, jua likifika utosini, kiganja kinapoa na harufu inapanda, nikiwa darasani, nikiwa jikoni, popote. Nimeosha kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu. Mama amenipeleka zahanati, wakasema nipunguze manukato. Manukato! Jirani yangu wa dawati ananusa hewa, anasema, "Kumbe leo Alhamisi," anaandika tarehe. Kwa mtu anayeogopa kutazamwa, unaona adhabu hiyo? Na watu wa familia iliyouza kile kiwanja walikuja baadaye, kijana wao mmoja, akasimama pale nyuma kichwa chini, akasema ni kaburi la bibi yao, waliogopa wakilitaja mnunuzi atashusha bei. Nikamuuliza kama bibi yake alikuwa na birika. Akaanza kulia. Sikuuliza la pili.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayechimba, uwe unachimbia nguzo, choo au msingi wa ghorofa. Jiwe halisimami wima lenyewe. Kuna mtu alilisimamisha, na kuna sababu. Ukiliona moja, piga magoti utafute la pili kabla hujashika sururu, na usimuulize aliyenunua, waulize waliouza. Na kama kazi yako ni hii yetu, namba ikaanguka sifuri mchana kweupe ukainua kichwa ukaona mzee, usihangaike na miguu yake. Mpokee mzigo.

Sasa asubuhi.

Niliamka mama mdogo akiwa bado anaswali alfajiri. Nikachukua birika letu la chai, nikaacha ujumbe kwenye kitochi changu juu ya mto wake, kwa kuwa kusema kwa mdomo nisingeweza, nikaenda Kunduchi peke yangu. Kaka Chilumba akanifungulia geti, amejifunga blanketi kama mgonjwa.

"Mdogo wangu, umekuja kulia na sie?"

"Nimekuja kung'oa nguzo. Una mtaimbo?"

Akanitazama. Sidhani kama alikuwa amewahi kunisikia nikisema sentensi nzima. "Dada Zuhura amesema?"

"Hapana."

"Na baada ya hapo kitanyamaza?"

"Kitanyamaza."

"Basi mtaimbo ninao," akasema, akatupa blanketi.

Tukapiga zege. Nguzo ikalala, jiwe likatoka zima, halikuchubuka. Tukalibeba wawili, nikalisimamisha kwenye shimo lake lilelile, nikalishindilia kwa mikono. Kaka Chilumba, ambaye Jumapili hakosi kanisani, akavua kofia. Nikamwaga maji ya birika kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikachomeka tawi bichi la mwarobaini. Shikamoo sikutoa. Nilikuwa na kinyongo bado, nakiri.

Mama mdogo akatokea mbio, viatu mkononi. Akaona shimo, akaona nguzo imelala, akaona jiwe. Akafungua mdomo kunigombeza, na nilikuwa tayari. Akaufunga. "Shika mita," akasema.

Tukasimika nguzo upya, hatua mbili nje ya kijia, kuelekea senyenge, ile nyingine nayo tukaisogeza mkabala, ili mstari upite nyuma ya kaburi, usiliguse. Tukashindilia kwa vipande vya tofali na kokoto. Hakuna aliyefoka. Akachungulia kitunduni, akazungusha skrubu mara moja, namba ikapanda, mbili na nukta sita, ikapita, ikasimama kwenye tatu, mahali ambapo hatukuwahi kuiona.

Saa nne Mama Kelvin akaingia na Bosi. Mama mdogo akamwambia Mama Kelvin ukweli wote, mawe mawili na kaburi, bila kupunguza. Nilidhani yameisha. Mama Kelvin akatazama jiwe na tawi, akatoa ushungi kwenye begi lake, akajifunika, akasema polepole, "Na mie nilisema mng'oe." Kisha akasema, "Lakini kilie tu pasipo mtu, Zuhura, makubaliano ni yaleyale."

Bosi akavuka mstari, king'ora kikalia. Akarudi, kikalia. Akaisukuma nguzo kwa bega, haikutikisika. Akatoa mita yake mwenyewe, akasoma tatu, akairudisha mfukoni. Wote wakaelekea getini, wanaongea habari za kusaini makabidhiano, king'ora kimewashwa, na mie nikabaki nyuma kukusanya vyombo.

Nikasimama mbele ya lile jiwe. Kinyongo gani na mtu aliyekosa pa kulaza kichwa? Nikapiga goti.

"Shikamoo bibi."

Kwenye mita yetu namba ikaanguka sifuri. King'ora kikalia mara moja, kifupi, kikakatika chenyewe. Namba ikarudi tatu.

Kule getini wote wakageuka. Nikaona uso wa mama mdogo, nikaona Bosi ameanza kutabasamu.

"Nani kapita hapo?" Mama Kelvin akapaza sauti.

Nikainuka, nikajaza kifua hewa, nikapiga kelele ambayo tangu nizaliwe sikuwahi kuipiga:

"Mie! Nimepita mie!"